Printa ya kuchapia nakala za michoro: mpangilio wangu kwa wachoraji wa Lubumbashi

Mchoraji anayetaka kuuza nakala za kazi zake hununua vitu vitatu kwa pamoja: wino, karatasi na mashine. Wengi huanza na mashine kwa sababu ndiyo inayoonekana dukani. Mimi naanza na wino, kwa sababu mteja aliyelipa ili atundike nakala sebuleni kwake ana haki ya kuziona rangi zile zile baada ya miaka mingi.

Wino wa printa za kuchapia nakala uko wa aina mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama chumvi. Wa pili ni wa pigimenti, yaani chembe ndogo mno za rangi ambazo hubaki zimeshikamana na karatasi maji yakishakauka. Mwanga huivunja rangi iliyoyeyuka mapema zaidi, na hewa chafu huisaidia kazi hiyo. Ukitaka kujua muuzaji amekuwekea wino gani, chapa mstari mnene kwenye karatasi ya kawaida ya ofisi, uache ukauke usiku mzima, kisha udondoshee tone moja la maji. Wino ulioyeyuka utatambaa na kuacha doa lenye kingo za waridi na bluu, ilhali wa pigimenti utatulia mahali pake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nakala za kwanza nilizouza zilichapwa kwa wino ulioyeyuka, na moja ilitundikwa mkabala na dirisha. Baada ya misimu miwili ya mvua wekundu ulikuwa umekwisha, na nyuso za wanawake waliokuwa wakitoka sokoni zimekuwa za kijani. Nilimrudishia mteja pesa yake yote.

Nafasi ya kwanza, kwa hiyo, naipa printa ya pigimenti ya ukubwa wa A2 (karatasi ya sentimita 42 kwa 59 hivi) inayonunuliwa na wachoraji wanne au watano kwa pamoja. Epson SureColor P900 ina wino wa rangi kumi, ikiwemo zambarau, na kila katriji hubeba mililita 50. Canon imagePROGRAF PRO-1000 ina katriji kumi na mbili za mililita 80. Zote mbili huchapa karatasi yenye upana wa sentimita 43. Nasisitiza ushirika kwa sababu ya bei, lakini zaidi kwa sababu ya adui mkubwa wa mashine hizi, ambaye ni kukaa bila kazi. Matundu ya kichwa cha kuchapia ni membamba kuliko unywele, na wino ukikaukia humo utaona mapengo meupe kwenye ukurasa wa majaribio, kama ngazi iliyovunjika vidato. Kila mara unaposafisha kichwa, wino wa thamani humwagwa kwenye tangi la taka. Mashine inayotumiwa na watu watano haipati nafasi ya kulala. Umeme wetu nao unadai tahadhari yake: ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi nje ya kifuniko chake na kuanza kukauka, hivyo onduleri, yaani kifaa cha betri kinachotoa umeme wa akiba, inayoweza kuishikilia printa mpaka imalize ukurasa ni sehemu ya bei ya mashine. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapoingia hata kwenye kabati, ifunike kwa kitambaa kila jioni.

Nafasi ya pili ni kutuma faili kwenye karakana ya nje inayochapa kazi za sanaa, kwa mfano Johannesburg au Brussels. Kwa anayeuza nakala chache kwa mwaka, njia hii ni bora kuliko kumiliki printa yake peke yake, hata ukihesabu usafiri na ushuru. Agiza kwanza kipande kidogo cha majaribio, ukilinganishe na mchoro wenyewe kwenye mwanga wa mchana.

Ya tatu ni printa ya pigimenti ya A3+ (kubwa kidogo kuliko A3) kwa mchoraji mmoja anayechapa kila wiki: Epson SureColor P700 au Canon PRO-300. Ubora wake unakaribia sana ule wa mashine kubwa, ila katriji ni ndogo, mililita 25 kwa Epson na 14.4 kwa Canon, na wino wa katriji ndogo huwa ghali zaidi kwa kila mililita. Kabla ya kulipa, hakikisha katriji zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zina namba inayolingana na mashine yako, na usome tarehe ya mwisho iliyo kwenye boksi.

Ya nne ni printa ya matangi, yaani inayojazwa wino wa chupa badala ya katriji, yenye rangi sita, kama Epson L1800. Wino wake ni ule ulioyeyuka. Inafaa kadi na picha ndogo za bei nafuu, mradi mnunuzi aambiwe ukweli. Maduka ya kuchapa bache (mabango ya turubai) na fotokopi ya rangi siyaweki kwenye orodha hii.

Karatasi nzuri ni ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi, yenye gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Photo Rag ya Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1584, ina gramu 308. Dukani, chukua taa ya zambarau ya kukagulia noti za dola na uimulike karatasi: ikiwaka bluu kali, imetiwa dawa ya kung'arisha ambayo hufifia na kuiacha karatasi ikielekea unjano.

Hata hivyo, mashine haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukichukua. Anayechora kwa vistari vyembamba vilivyosongamana, kama Mwenze Kibwanga wa kile kizazi cha karakana ya uchoraji ya Hangar iliyoanza hapa mwaka 1946, anahitaji picha kali sana: A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli milioni 35 hivi, na kwa nukta 240 ni milioni 22. Weka taa mbili zinazofanana, kila moja pembeni kwa nyuzi 45, na uzime taa nyingine zote. Rangi ya dhahabu, ya shaba na zile zinazong'aa kama koti la polisi wa barabarani hazitoki kwa wino wowote niliotaja hapa, kwa hiyo mchoro wa namna hiyo uuze wenyewe bila nakala.

Nakala ikishakauka siku nzima, itie sahihi kwa penseli chini ya picha pamoja na namba yake, kwa mfano 3/30, yaani nakala ya tatu kati ya thelathini, na nyuma uandike jina la karatasi, aina ya wino na mwaka wa kuchapa.