Jimu ya huku Kirumba kwa wagonjwa wa moyo, mi naipa nyota nne

Mnaouliza kama ile jimu ndogo ya huku Kirumba, Mwanza, inafaa kwa mgonjwa wa moyo, inafaa sana na sababu kubwa ni yule kocha. Mzee wangu aliwekewa stenti Dar (kile kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi), tulipofika kocha hakumgusisha mashine mpaka aone barua ya daktari na dawa anazotumia, akampima presha, akamwambia "mzee shikamoo, hapa ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu usijikaze, sema tusimame." Kuna jimu mjini hapa ni mziki mkubwa na vyuma tu, mgonjwa hawamuulizi hata kitu.

Kazi yenyewe ni baiskeli ya kukanyaga palepale, kupasha mwili kwanza, kisha spidi ambayo bado unaweza kuongea, kisha unapoa taratibu. Na hii inaisaidia mishipa yenyewe jamani. Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba sana, damu ikipita kwa nguvu inausugua nao unatoa gesi inaitwa naitriki oksaidi, mshipa unalegea unapanuka. Kwa mgonjwa wa moyo utando huo umechoka, mshipa unaweza hata kujibana pale unapotakiwa kufunguka. Leipzig kule Ujerumani, daktari wa moyo Rainer Hambrecht na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wiki 4 za mazoezi zilirudisha sehemu ya uwezo huo kwenye mishipa ya moyo. Mwaka 2004 wakaja na wanaume 101 ambao hali zao zilikuwa zimetulia, nusu baiskeli dakika 20 kila siku, nusu stenti, mwaka ulipoisha asilimia 88 ya wa baiskeli walikuwa hawajapata tukio baya la moyo au mishipa, wa stenti asilimia 70. Msije mkaacha dawa sasa, au mtu kifua kinauma leo anakimbilia baiskeli badala ya hospitali!

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ngazi, ipo ghorofa ya pili na lifti hakuna, wazee wanafika wanahema, hili wenye jimu walirekebishe kweli. Halafu kundi la wagonjwa ni mara tatu tu kwa wiki na faida ya mishipa inapungua ukiacha, kwa hiyo siku zilizobaki mzee anatembea Capri Point pembeni ya ziwa, ile sehemu tambarare.

Nendeni asubuhi, jioni vijana wanajaa baiskeli hupati, na barua ya daktari msisahau maana bila hiyo mnarudishwa.