Ulinzi wa Taiwan kutoka Marekani: sheria imara, mzigo unachelewa

Nyota tatu kati ya tano.

Sheria ya Uhusiano na Taiwan, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter Aprili 10, 1979, inaitaka Marekani iipatie Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, silaha za kujihami. Haiahidi kwamba askari wa Marekani watapigana. Hata hivyo ni sheria ya Bunge la Marekani, si kauli ya mkubwa mmoja, na marais wamepita yenyewe ipo. Kwa watu milioni 23 wanaomchagua rais wao kwa kura tangu 1996, hilo ni jambo kubwa.

Ununuzi unaanza kwa barua ya maombi. Kwa mauzo makubwa, Bunge hilo linaarifiwa na kupewa siku 30 za kuyapinga likitaka, kisha mkataba unasainiwa na malipo ya awali yanatolewa. Foleni yenyewe iko kiwandani. Ndege 66 za kivita aina ya F-16 Block 70 ziliidhinishwa 2019. Ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2025, Greenville, South Carolina, maana uundaji ulihamishwa kutoka Texas na mafundi wakaanza upya. Nyota moja imeondoka hapo.

Nyota ya pili imeondoka na ukungu wa unyevu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha silaha za dola milioni 345 zitoke moja kwa moja ghalani mwake. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani aliripoti Septemba 2024 kwamba shehena ilikaa miezi mitatu kwenye kambi ya anga ya Travis, California, palati nyingine nje zikinyeshewa. Mabamba zaidi ya 3,000 ya kuzuia risasi na fulana 500 za kijeshi vilifika vimelowa na kuota ukungu, na kwenye risasi milioni 2.7 zilikuwamo zilizopitwa na muda. Wakala wa forodha wa bandari ya Tanga, aliyezoea masika na enzi za matishari, yaani vyombo vya kupakulia meli zilizotia nanga mbali na gati, angefunika kwa turubai hadi chini na kufungua kasha moja moja kabla ya kupakia. Kosa hili linauma kwa sababu lilizuilika.

Na muda hauna mbadala. Ukraine hupokea shehena kwa reli na barabara kupitia Poland. Taiwan imetenganishwa na China kwa mlangobahari ambao hata penye wembamba ni kilomita 130 hivi, zaidi ya mara mbili ya mkondo wa Pemba, na kisiwa kikizingirwa kitapigana kwa kilichomo ghalani tu. Mnunuzi adai ukaguzi ufanyike mzigo unakopakiwa, na vipuri vije pamoja na shehena ya kwanza.