Seti ya kuangalia mgawanyiko wa seli: rangi safi, chupa namba 2 ni takataka

Naanza na chupa namba 2, maana ndiyo iliyonipandisha hasira. Lebo inasema: "Dawa ya kukazia seli, tayari kwa matumizi." Tayari! (Kukazia ni kuziua seli ghafla ili zibaki vile vile zilivyokuwa.) Ethanoli sehemu 3 kwa asidi asetiki kali sehemu 1, imeshachanganywa, ikafungwa, ikakaa ghalani nani ajuaye muda gani. Mchanganyiko huu hutengenezwa siku ile ile unapotumika. Mchanganyiko ukikaa, asidi na alkoholi huungana polepole na kuwa ethili asetati na maji, na dawa inakwisha nguvu. Fungua kizibo unuse. Inatakiwa ikupige na ukali wa siki mpaka macho yatoe machozi. Hii inanukia utamutamu wa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ukikuta harufu hiyo, usiitumie.

Mizizi ya kitunguu niliyoiloweka humo usiku kucha ilitoka hovyo: saitoplazimu (ute unaozunguka kiini cha seli) imekunywa rangi karibu sawa na viini, na metafasi (hatua ambapo kromosomu, nyuzi za urithi, hujipanga katikati ya seli) ni madoa tu. Mizizi ya kitunguu kile kile, rangi ile ile, ila imekaziwa kwenye mchanganyiko mpya, inaonyesha mikono ya kromosomu, na seli ikitandazika vizuri unazihesabu zote 16.

Nikawaandikia wauzaji. Jibu lao: "Wateja wengine hawajalalamika. Jaribu kurekebisha fokasi ya hadubini yako." Fokasi! Kama seli haikukazwa, hata lenzi ya dhahabu haitakuonyesha kitu. Nikauliza dawa ilichanganywa lini. Kimya mpaka leo.

Haya, haki yao niwape: rangi ni nzuri kweli. Ni oseini, rangi inayoshika kromosomu. Oseini nyingi za kununua hutuama, na zile chembe ukizipeleka kwenye slaidi unaweza kuapa ni kromosomu. Hii niliipitisha kwenye karatasi ya chujio, haikuacha hata punje. Viini vinashika zambarau iliyokolea, nyuma panabaki peupe. Kwa rangi peke yake ningewapa nyota nne.

Halafu unasoma kikaratasi cha maelekezo, nyota zinaanza kudondoka. "Pasha ncha kwenye asidi mpaka ilainike." Asidi gani, nyuzi ngapi, dakika ngapi? Kwa kitunguu: asidi ya hidrokloriki ya mola 1, iwe imeshafika nyuzi 60 kabla hujatumbukiza mzizi, dakika 5 hadi 8, kisha suuza kwa maji. Kazi yake ni kulegeza pektini, gundi inayoshikanisha seli. Ukiwahi kutoa, ncha inabaki bonge, seli zimepandana na huoni hata moja. Ukichelewa, inasambaratika kwenye kibano. (Kibano chenyewe walichoweka ni cha plastiki, kinene, kinaponda ncha kabla kazi haijaanza. Tafuta sindano.)

Wanasema pia ukate sentimita 1. Ya nini yote hiyo? Seli zinazogawanyika ziko nyuma tu ya kofia ya mzizi. Baada ya asidi utaona kipande cheupe cha maziwa mwishoni, kama milimita 1 au 2. Hicho ndicho unachokitaka. Juu yake ni seli ndefu zilizokwisha kugawanyika, zinakujazia slaidi bure na kuinua kioo cha juu.

Na wanasema "sugua kioo." Usisugue! Weka ncha kwenye tone la rangi, ipe dakika kama 10, funika, gongagonga taratibu kwa kitako cha penseli mpaka kipande kitawanyike kuwa wingu. Kunja karatasi ya chujio juu yake, bonyeza kwa dole gumba wima, bila kuzungusha. Kioo kikiteleza hata kidogo, seli zinajiviringisha kama kamba na kromosomu zinachanika.

Kwa hiyo? Ukiwa na ethanoli na asidi asetiki yako, nunua tu, rangi inalipa. Nyota tatu. Ila sasa ukiwa navyo hivyo vyote, seti unainunulia nini? Mbili basi. Nimegeuza chupa namba 2 nikasoma maandishi madogo ya nyuma: "Inafaa kwa miaka miwili baada ya kufunguliwa." Moja.