Tathmini ya ctypes, maktaba ya Python ya kuita msimbo wa C

Maktaba ya ctypes imekuwa sehemu ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5 lililotoka mwaka 2006, na kinachowavutia wengi ni kwamba haimlazimu mtumiaji kuwa na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa C kuwa faili la kuendeshwa na kompyuta. Ukiwa na faili la .so (la Linux) au .dll (la Windows) lililokwisha kukompailiwa, unalipakia kwa CDLL na kuziita funksheni zake kana kwamba ziliandikwa kwa Python. Katika hilo sina lalamiko. Ninachokipima hapa ni namna inavyobadilisha aina za data kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kazi ambayo inaifanya vizuri ikiwa imeelezwa kila kitu, na vibaya mno ikiachiwa ibahatishe.

Kasoro kubwa kuliko zote ni dhana yake kwamba funksheni yoyote ya C hurejesha int, yaani namba kamili, isipokuwa umeiambia vingine kupitia restype, sifa inayotaja aina ya data inayorejeshwa. Ukiiita sqrt, funksheni ya C ya kipeuo cha pili, kwa 2.0 bila maelezo yoyote, ctypes inakataa kupokea namba hiyo ya desimali na kutoa ArgumentError, jambo ambalo ni jema. Ukitaja argtypes (aina za data zinazoingizwa) peke yake ukasahau restype, mwito unapita na unaletewa namba kamili isiyo na uhusiano wowote na kipeuo cha pili cha mbili. Kwa vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kwenye mashine ya biti 64 anwani iliyorejeshwa hukatwa ikabaki biti 32 tu, na programu inaweza kufanya kazi vizuri pale ambapo anwani ni ndogo, kisha ikaanguka kwingine bila hata kutoa ujumbe wa kosa wa Python. Maktaba iliyo makini kwenye mlango wa kuingilia ingepaswa kuwa makini pia kwenye mlango wa kutokea.

Namba kamili nazo zina mtego wake. Int ya Python haina kikomo cha ukubwa, ilhali ya C, kwenye mashine za kawaida za leo, ina biti 32, kwa hiyo ukiandika c_int(2147483648).value unapata -2147483648, bila onyo. Mshindani wa ctypes, maktaba ya cffi, hukataa namba iliyopita kiasi kwa kutoa OverflowError, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi sahihi. Tena c_long ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 na baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, kwa hiyo anayetaka msimbo wake uhamishike ni heri azoee c_int32 na c_int64.

Upande wa maandishi, jaribio dogo linaonyesha mengi. Kwenye Linux, mwito wa strlen(b"habari"), funksheni ya C inayohesabu urefu wa maandishi hadi baiti ya sifuri, hurejesha 6 kama inavyotarajiwa, lakini strlen("habari") hurejesha 1 kwenye kompyuta za kawaida, kwa kuwa ctypes huipeleka str (maandishi ya kawaida ya Python, yasiyo na b) kama herufi pana za baiti nne nne, na strlen hukutana na baiti ya sifuri mara tu baada ya h. Ukiweka argtypes kuwa [c_char_p], yaani kielekezi cha herufi za C, kosa hilo hilo hukamatwa kabla halijafika C. Jambo ambalo halikamatwi ni hili: funksheni inayorejesha c_char_p hukupa nakala ya baiti, na anwani ya asili inapotea, kwa hiyo kumbukumbu iliyotengwa na strdup, funksheni ya C inayonakili maandishi, huna tena njia ya kuiachilia kwa free. Dawa yake ni kutangaza restype kuwa c_void_p (anwani tupu), kuyasoma maandishi kwa string_at, kisha kuipeleka anwani hiyo kwa free.

Miundo inayoandikwa kwa Structure na _fields_ ni sehemu nzuri sana ya maktaba hii, kwani hufuata mpangilio wa baiti wa kompaila ya C ya mashine husika bila wewe kuhesabu nafasi za kujazia. Safu kubwa za namba pia zina njia nzuri: from_buffer huiwezesha C kusoma moja kwa moja kumbukumbu ya array.array, badala ya kunakili kila namba.

Kwa maktaba ya C yenye funksheni chache zisizobadilikabadilika, ningeichagua ctypes, kwa sharti kwamba argtypes na restype za kila funksheni zimeandikwa mahali pamoja kabla ya mwito wa kwanza. Penye funksheni nyingi ningetumia cffi, ambayo husoma matangazo ya C yenyewe. Kwa C++ sioni sababu ya kuijaribu ctypes: haijui madarasa wala violezo, na utalazimika kwanza kuandika tabaka la extern "C", yaani funksheni za mtindo wa C, ambalo maktaba ya pybind11 ingekuondolea.