EEG Malindi: kipimo safi, ripoti imepelea

Anayetaka EEG, kile kipimo kinachochora umeme wa ubongo kwa mistari, bila safari ya Mombasa, iko kliniki moja ndogo Malindi mjini, mlango wake haukupi matumaini, lakini kazi wanaijua. Elektrodi 21, vile visahani vya kunasa umeme huo kichwani, hupangwa kwa kupima kichwa na utepe kama wa fundi cherehani, kutoka kipaji hadi kisogo, si kwa kukisia. Chumba kina AC, na hiyo si anasa: jasho lina chumvi, likipita chini ya elektrodi mistari huyumba kama ngalawa iliyotia nanga. Feni haifai, hutikisa nyaya.

Wanalosahau kuwaambia watu ni habari ya nywele. Mafuta ya nazi hufanya ile krimu nzito ya kubandikia elektrodi isishike. Fumua misuko, osha kwa shampuu usiku wa kuamkia kipimo, usipake kitu tena. Mtu mzima alale kwa muda usiozidi saa 4, maana akisinzia mashine ikisoma ndipo dalili nyingi hujitokeza. Dawa asiache.

Sasa ripoti. "Ubongo ni mzima, hakuna kifafa." Jamani, EEG moja haitoi hukumu hiyo! Hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyo chimbuko la vifafa vingi vya mtu kuduwaa huku akitafunatafuna midomo, imejikunja ndani kabisa usawa wa masikio. Kwa kawaida, mpaka gamba la ubongo la sentimita mraba 6 hadi 10 hivi liwake kwa pamoja ndipo elektrodi ya nje hupata habari.

Serebelamu, ubongo mdogo wa kisogoni, ripoti haikuitaja kabisa, nayo inahusika na kifafa. Mwaka 2014 Esther Krook-Magnuson na wenzake, Marekani, waliziamsha kwa mwanga seli za serebelamu za panya, na kifafa kilichoanzia hipokampasi kikakatika mapema. Tena ndiyo inayoumia fenitoini, dawa ya kifafa, ikizidi: macho huchezacheza, mtu hupepesuka kama mlevi. Anayemeza miligramu 300 kwa siku akiongezewa 100 tu, kiwango damuni chaweza kupanda maradufu, kwani ini limeshalemewa. Kumwambia mgonjwa aguse pua, kisha atembee kisigino kikigusa vidole, ni kazi ya dakika 2 na sakafu tupu. Hapa hawafanyi.

Kabla ya kuondoka, dai nakala ya mistari yenyewe kwenye flashi. Daktari wa pili ataisoma upya. Ile karatasi haitamfaa.