Riviu ya huduma ya kutoboa na kurola grini: matundu safi, rola tamu, mchanga ndio umetuangusha

Haya wadau, kuna watu wameniuliza sana kuhusu ile huduma ya kutoboa na kurola grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo kwenye uwanja wa gofu; kurola ni kupitisha mashine ya mitungi inayolaza uso) tuliyoichukua klabuni, naona bora niandike mara moja niache kujibu mmoja mmoja. Jina la kampuni naliacha, bado tuna maongezi nao na sina nia ya kumharibia mtu riziki, ila kazi yenyewe nitaisema kama ilivyokuwa, walipopatia nitawasifia na walipoboronga nitasema. Mimi ndio nasimamia uwanja, kwa hiyo lawama zote za wachezaji zinaishia mlangoni kwangu, mjue naongea kama mtu anayeulizwa kila asubuhi "sasa hizi grini mmezifanyaje jamani?"

Kwa wasiojua kwa nini grini nzuri ya kijani mtu anaitoboa matundu makusudi: nyasi za grini zinakatwa fupi mno, milimita 3 au 4 hivi, halafu zinakanyagwa kila siku na watu na moa (mashine ya kukatia nyasi), na watu wote wanasimama palepale kuzunguka shimo. Udongo unashikana. Juu ya udongo nako kunajijenga tabaka la mizizi iliyokufa na mabaki ya nyasi ambayo hayajaoza vizuri, linashika maji kama sponji, basi hewa haishuki, maji hayashuki, na mizizi ikiona hivyo nayo inabaki huko huko juu, likija jua kali wiki mbili tu nyasi zinakata tamaa. Sisi tulikata kipande cha udongo kwenye grini moja ya bondeni tukakuta mstari mweusi unene wa kidole hivi, ukiusogeza puani ni yai viza kabisa. Hiyo ni dalili kwamba chini hakuna oksijeni na bakteria wanatengeneza ile gesi ya salfa. Ukifika hapo hata umwage mbolea ya aina gani unajisumbua tu, lazima utoboe.

Sasa kuna kutoboa na kutoboa. Kuna meno ya mashine yaliyo mazima, yasiyo na tundu, yanachoma tu udongo unasogea pembeni, hakuna kinachotoka, grini inapona haraka na wachezaji hawalalamiki sana. Kuna meno yenye tundu katikati, haya yanang'oa kizibo cha udongo na kukitoa nje, ukishakusanya vile vizibo unajaza mchanga pale palipobaki wazi, ndio kazi ya kweli ya kupunguza lile tabaka. Na kuna zile mashine kubwa za kuvutwa na trekta kama Verti-Drain zinazoshuka sentimita 25 hata zaidi, hizo ni za udongo ulioshikana chini kabisa. Sisi tulichukua meno yenye tundu, kipenyo milimita 13, nafasi sentimita 5 kwa 5, kina sentimita 8. Naandika hivi vipimo makusudi kwa sababu wengi wanaita kampuni wanasema "njooni mtoboe" basi, hawaulizi meno gani, halafu baadaye wanashangaa. Piga hesabu mwenyewe: milimita 13 kwa nafasi hiyo inagusa kama asilimia 5 ya uso wa grini, ukiweka meno ya milimita 6 kwa nafasi ileile unagusa asilimia 1 tu, yaani umesumbua wachezaji na karibu hujafanya kitu. Wataalamu wengi wanataka kwa mwaka mzima ufikie asilimia 15 mpaka 20, kwa hiyo hata hii yetu ni mwanzo tu.

Kwenye kutoboa nawapa sifa zao. Walifika alfajiri umande haujakauka, mashine ni ile ya kutembea nyuma yake, magurudumu yake yanapita ndani ya njia ya meno kwa hiyo haikanyagi matundu iliyotoka kuyatoboa, na dereva wake anaijua kazi. Mwendo mmoja, hakimbizi. Maana ukikimbiza mashine ya hivi jino linatoka ardhini likiwa limelala, tundu linachanika juu linakuwa kama yai badala ya duara, na nyasi za pembeni zinanyanyuka. Yake yalikuwa duara, safi, mistari imenyooka mpaka raha kuangalia.

Lakini mimi huwa nina bisibisi ndefu nimeizungushia utepe kwenye sentimita 8, nikaanza kuichomeka kwenye tundu moja moja nikifuata nyuma. Tundu la kwanza freshi, la pili freshi, nikifika safu ya ukingoni upande wa kushoto utepe unabaki nje, tena sio kidogo, kama sentimita 2. Nikarudia mbele kidogo, vilevile, safu ileile. Nikamwita dereva.

"Kaka, hebu njoo uone hapa. Huku pembeni hazishuki."

Akachuchumaa, akaangalia, hakubisha wala hakujitetea. "Hayo meno yameisha mzee. Mchanga unayala. Ngoja nibadilishe."

Akazima mashine, akafungua seti nzima ya upande ule akaweka mpya, tukalinganisha ya zamani na mpya kwenye kiganja, ile ya zamani ncha imeliwa mpaka imekuwa butu na fupi kabisa. Kwenye udongo wa mchanga meno yanaisha haraka, hilo sio kosa la mtu, kosa ni kuendelea nayo. Akarudi kupitia upya ile grini ya kwanza upande wa safu fupi? Hapana, hiyo hakurudi, na mimi sikumlazimisha kwa sababu ukipitisha tena unaweza kukutanisha matundu mawili ukang'oa kipande kizima cha nyasi. Kuanzia grini iliyofuata bisibisi ilizama mpaka kwenye utepe kila mahali. Kwa hiyo kutoboa nawapa 9 kwa 10, hiyo moja inayopungua ni kwamba wangeyapima meno kabla ya kuja.

Kusafisha vizibo nako walikuwa vizuri, wanasukuma kwa majembe mapana ya plastiki, bloa (mashine ya kupuliza upepo) inamalizia, hakuna matope yaliyobaki yakaganda juani.

Mchanga sasa. Aisee.

Kwanza mjue mchanga wenyewe unaohitajika ni mwingi kuliko mtu anavyodhani. Kwa vipimo vyetu kila mita moja ya mraba ina matundu kama 400, kila tundu linabeba takriban sentimita za ujazo 10 na nusu, ukizidisha unapata lita 4 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Grini ya mita za mraba 500 hapo ni zaidi ya mita 2 za ujazo, ni tani 3 na ushee za mchanga mkavu, kwa grini moja, na hapo hujaweka ule wa kubaki juu kulainisha uso. Wao walileta kiasi cha kutosha, sitawasingizia, na aina ya mchanga ilikuwa sawa na tuliokuwa nao chini, hilo nililihakiki kabla (ukiweka mchanga laini zaidi ya uliopo chini unatengeneza tabaka jipya la shida, maji yanagoma kupita pale zinapokutana). Shida ni kwamba mchanga ulikuja umeloa. Ulilala nje bila turubai, ukanyeshewa, wakaupakia hivyohivyo.

Mchanga mkavu ukiupitishia brashi unatiririka wenyewe ndani ya tundu mpaka chini. Uliolowa unashikana mdomoni mwa tundu unatengeneza kifuniko, juu unaona pamejaa, chini patupu. Nikawaambia wakasema "usijali, tutapitisha mati mara mbili tatu utashuka," wakafunga ile mati ya chuma nyuma ya kigari wakazunguka, wakazunguka, wakazunguka, mchanga haushuki, kinachotokea ni nyasi kusuguliwa na mchanga mbichi chini ya chuma mpaka zikabadilika rangi. Hapo ndipo nilipowasimamisha. Tukaacha jua lipige mpaka mchana, tukarudi na brashi laini badala ya mati, kidogo kidogo ukaingia, ila kuna grini ambazo tayari walishamaliza na kule ndiko ninakolia mpaka leo. Baada ya kumwagilia zile nyasi vile vifuniko vikadondoka ndani, tundu likabaki limejaa nusu, uso ukawa na vidimbwi vidogo vidogo, yaani vibonyeo, kila sentimita 5. Nyasi zetu ni bermuda na tulichagua kipindi zinachokua kwa nguvu, tundu lililojaa vizuri linafunga ndani ya wiki mbili hivi. Yale ya nusu yalichukua muda mrefu zaidi, na moa ikawa inanyoa kingo za vidimbwi zinabaki na madoa ya kahawia. Kwenye mchanga nawapa 3, na hiyo 3 ni ya ubora wa mchanga wenyewe.

Rola ndio iliyonifurahisha, na kusema kweli ndiyo niliyokuwa na mashaka nayo kuliko vyote kwa sababu niliona inajipinga, umetoka kulegeza udongo halafu unaugandamiza tena? Lakini hizi rola za grini ni nyepesi kwa jinsi uzito ulivyosambazwa kwenye mitungi yake, dereva anakaa kiubavu, inakwenda na kurudi, haigeukii juu ya grini. Inalaza uso tu, kule chini haifiki na madhara kama grini imejengwa kwa mchanga. Kama grini yako ni ya udongo wa mfinyanzi na imeloa, tafadhali usiipandishe, hapo utakuwa unashindilia barabara.

Walisubiri mchanga umeshuka ndio wakarola, hilo walilijua bila kuambiwa, maana ukirola juu ya mchanga mwingi unazitwanga nyasi. Halafu mashine ikabaki kwetu kwa kukodi na hapo ndipo utamu ulipo. Siku za kurola tunaacha kukata, siku inayofuata tunakata bila kurola, tunapokezana. Mpira unakimbia vizuri na nyasi zinapumzika na kisu. Stimpmita, ile reli ya kupimia mwendo wa mpira kwenye grini aliyoibuni Edward Stimpson baada ya US Open ya 1935 pale uwanja wa Oakmont, unaachia mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi unachukua wastani, kwetu siku ya rola inaongeza kama futi moja hivi, halafu inapungua, baada ya siku mbili umerudi ulipokuwa. Kuna utafiti wa miaka mingi wa Thomas Nikolai na wenzake wa Michigan State University kule Marekani ulioonyesha kurola mara kwa mara kunapunguza ugonjwa wa dola spoti, yale madoa ya duara yanayofanana na sarafu, huo nilikuwa nausikia tu. Faida ya kupunguza dawa ya ukungu nitaiona mbele, kwa sasa naongelea mwendo wa mpira.

Kasoro moja ya rola ambayo muuzaji hatakwambia: pale inaposimama na kurudi, kwenye ukosi wa nyasi unaozunguka grini, panachakaa. Panapigwa breki kila siku palepale. Mwambie kijana wako abadilishe mwelekeo kila anapoingia, ukiichukulia grini kama uso wa saa, leo aende kati ya namba 12 na namba 6, kesho kati ya namba 3 na namba 9, la sivyo utakuwa na grini nzuri yenye fremu iliyokufa.

Kuhusu wachezaji, jiandaeni tu. Mmoja alitaka kuziba kwa kidole tundu lililokuwa kwenye mstari wa mpira wake kuelekea shimoni, akasema sheria mpya zinaruhusu kurekebisha grini. Zinaruhusu ndiyo, tangu 2019, alama za mpira, za viatu, rekebisha, lakini kanuni ya gofu ya 13.1c inasema wazi matundu ya matengenezo hayamo humo. Mkitaka kuwasaidia kamati iweke kanuni ya nyongeza ya E-4, mpira ukilala ndani ya tundu au ukiligusa mtu anapata nafuu bila adhabu, ingawa hata hiyo haimsaidii kama tundu lipo tu kwenye mstari wake wa kuputi. Ubandike ubaoni kabla ya kutoboa, sio baada ya ugomvi.

Kwa hiyo nitawaita tena? Mashine na yule dereva ndiyo, hata kesho. Mchanga tutanunua, kuuanika na kuufunika kwa turubai wenyewe, hilo nimeshawaambia na wamekubali kulitoa kwenye mkataba, na kuongeza sharti kwamba meno yanapimwa mbele yangu kabla mashine haijawashwa. Zile grini za vidimbwi wameahidi kuja kuzimwagia mchanga kwa tabaka jembamba jembamba bila malipo mpaka uso usawazike, wakija nitaongezea hapa chini wamefanyaje. Mwenyekiti anapendekeza raundi ijayo iwe wiki moja kabla ya mashindano ya klabu ili "mambo yaishe mapema", nimemjibu hapana. Rola haiondoki, hiyo haina mjadala.