Harambee moja kubwa au mchango mdogo wa kila mwezi?

Asasi ya mtaa inayowanunulia yatima sare na madaftari ikishapoteza imani ya watu, viongozi wake hukimbilia harambee. Ina kishindo: jioni moja, mgeni rasmi, fedha nyingi. Lakini turubai, viti, spika na pilau hulipwa taslimu, ilhali sehemu kubwa ya kinachotangazwa ni ahadi. Mshehereshaji hujumlisha vyote. Mwezi ukipita watu wanauliza zile milioni ziko wapi, na mhazini hana jibu kwa sababu hazikuwahi kuingia.

Mchango wa mwezi unachosha kuuanzisha. Watu 150 wakitoa shilingi 1,000 ni 150,000 tu, yaani 1,800,000 kwa mwaka kama hakuna anayeacha, na wapo watakaoacha. Faida yake ni kwamba kila mwezi kuna hesabu ya kutoa. Namba ya kupokelea iwe na jina la asasi, si simu ya mhazini (hapa ndipo wengi huharibikiwa). Kutoa fedha kuhitaji saini mbili kati ya tatu. Kila tarehe 5 bandikeni karatasi moja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, namba za risiti, kilichobaki. “Sare 6, risiti 041” humridhisha mama lishe kuliko “gharama za mradi”.

Kama kuna deni la kulipwa wiki hii, harambee haiepukiki. Basi taslimu na ahadi zisomwe mbali mbali. Kama deni hilo halipo, harambee ingoje karatasi za miezi 6 zikae ukutani kwanza.